Barua ya wazi kwa wakuu wa jimbo la Maine: mnahesabu ajira, hesabuni na mishahara

Kwa:
Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Maine, Augusta
Waheshimiwa Wajumbe wa Bunge la Jimbo
Wadhamini wa Efficiency Maine Trust
Wakuu wa Idara ya Kazi ya Jimbo

YAH: UJIRA NA USALAMA WA WAFANYAKAZI WANAOZIBA NYUMBA NA KUFUNGA PAMPU ZA JOTO

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mfanyakazi wa insulesheni hapa Lewiston, Maine, Marekani; kazi yetu ni kuziba nyumba zisivujishe joto. Nilizaliwa Fizi, mashariki mwa Kongo, nikakulia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na sasa kazi yangu ni kupuliza selulosi, nyuzi za karatasi iliyosagwa, kwenye dari za nyumba za mbao zilizojengwa kabla babu yangu hajazaliwa. Naandika pamoja na wenzangu, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wabantu wa Somalia, tunaopanda vani moja alfajiri.

Hatukukimbilia barua ya wazi. Tulianza kwa bosi, kama adabu inavyotaka. Tukaenda kwa ofisi inayohusika, simu ikapokelewa, malalamiko yakaandikwa, tukaambiwa tusubiri. Tunasubiri mpaka leo. Mwenzetu aliyezungumza kwa sauti kuliko wengine alikuta wiki iliyofuata hana zamu. Ndiyo maana barua hii haina jina langu wala la kampuni. Kampuni yenyewe si mbaya kuliko jirani zake, na tatizo tunalolileta kwenu haliwezi kumalizwa na bosi mmoja mwema.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kinachosomwa ndani ya ile vani, na kwa sababu ofisi zenu zina wakalimani. Huko kazini sisi ndio wakalimani, bila nyongeza hata ya senti, kila mwenye nyumba anapokuwa mtu wa kwetu na msimamizi hajui pa kuanzia.

Haki yenu kwanza tuwape. Hakuna jimbo Marekani linalotegemea mafuta ya kupashia nyumba joto kuliko Maine. Mwaka 2019 Gavana Janet Mills alitia saini sheria iliyoweka lengo la pampu za joto, mashine za umeme za kupasha na kupoza nyumba, 100,000 kufikia 2025, na lengo hilo likatimia 2023, miaka miwili kabla. Mkaongeza jingine: pampu 175,000 zaidi kufikia 2027. Mpango wenu wa tabianchi wa Desemba 2020 ulitaka nyumba na majengo 35,000 zaidi yawe yamezibwa kufikia 2030. Tumeingia kwenye nyumba hizo. Tumewaona wazee waliokuwa wakilala na makoti sasa wakifungua vifungo vya sweta. Kazi ni nzuri na tunajivunia kuifanya. Yanayotusumbua ni haya.

1. Mnahesabu vichwa, hamhesabu cheki.

Lengo lenu lingine ni ajira 30,000 za nishati safi kufikia 2030. Kila taarifa inapotoka, tunasikia idadi imepanda. Kitaifa pia Wizara ya Nishati ya Marekani hutangaza kwamba kazi za kubana matumizi ya nishati zinaajiri zaidi ya watu milioni 2, wengi wao katika ujenzi. Lakini hesabu hiyo ya jumla humwingiza hata fundi ambaye kazi hii ni sehemu tu ya wiki yake. Humo yumo mhandisi anayesaini michoro ofisini Portland, yumo muuzaji wa pampu, na nimo mimi niliyelala kifudifudi juu ya boriti nikiwa na bomba mkononi. Wote tunahesabiwa kichwa kimoja kimoja.

Cheki zetu hazifanani. Takwimu za taifa za Mei 2023 zinaonyesha kwamba nusu ya mafundi umeme walipata zaidi ya dola 61,590 kwa mwaka, na nusu ya mafundi wa mitambo ya joto na baridi walipata zaidi ya 57,300. Watu wa insulesheni wako chini ya hao wote, ilhali ni sisi tunaotangulia: pampu ya joto ikifungwa kwenye nyumba inayovuja, mwenye nyumba ataona bili ya umeme ikipanda na atawalaumu ninyi. Kima cha chini cha mshahara jimboni ni dola 15.10 kwa saa tangu Januari 2026. Kwa wiki ya saa 40, mwaka mzima bila kukosa hata siku moja, hizo ni dola 31,408 kabla ya kodi. Kijana anayeanza insulesheni analipwa juu kidogo ya hapo, halafu anashangaa kuona ghala linatoa zaidi, kwenye jengo lenye feni na sakafu ya kukanyaga.

2. Fedha ya umma inatoka bila kuuliza mfanyakazi analipwa nini.

Hapa ndipo penye kiini cha barua hii, na mtuwie radhi tukichukua nafasi.

Kwa kazi za ujenzi za serikali zenye thamani ya dola 50,000 na zaidi, sheria ya jimbo inamlazimu mkandarasi kulipa kiwango cha ujira kilichotangazwa kwa kila fani. Tukiziba shule ya serikali, kiwango hicho kinatuhusu. Kesho yake tukihamia mtaa wa pili kuziba nyumba ya mama mwenye kipato kidogo, kwa bomba lilelile na vumbi lilelile, kiwango kinatoweka. Mnatueleza kwamba ile si kazi ya serikali, ni ya mwenye nyumba. Serikali imempa ruzuku tu.

Ruzuku yenyewe tuitazame. Kwa familia ya kipato cha chini, Trust, taasisi ya jimbo inayotoa ruzuku za nishati, imekuwa ikilipa hadi asilimia 80 ya gharama ya insulesheni, mwisho dola 8,000. Kwa pampu za joto za nyumba nzima, mwaka 2023 ilikuwa vilevile hadi 8,000. Fedha hizo zinatoka kwenye bili za umeme za watu wote, zikiwemo zetu, na kwenye mnada wa vibali vya kutoa hewa ukaa ambao Maine inashiriki na majirani zake. Mtu akilipa senti 80 katika kila dola ya kazi, kwa lugha ya sokoni huyo ndiye mteja.

Na mteja huyu hana aibu ya kuweka masharti. Mwenye nyumba hapati ruzuku kama mkandarasi hayumo kwenye orodha ya waliosajiliwa. Aina ya pampu lazima iwe ile iliyokubaliwa. Tangu Septemba 2023 mnataka pampu zihudumie nyumba nzima, na makampuni yalilalamika kidogo kisha yakajipanga. Mnajua kuuliza kuhusu mashine. Swali la mtu aliyeifunga ndilo halimo kwenye fomu.

Serikali ya shirikisho kule Washington ilishaonyesha kwamba inawezekana, na ikaonyesha pia jinsi ya kuturuka. Katika sheria ya tabianchi ya 2022, mwenye jengo la biashara aliyelipa ujira uliotangazwa na kuajiri wanagenzi alizidishiwa punguzo lake la kodi mara tano. Katika sheria hiyohiyo, punguzo la nyumba za watu, lile la hadi dola 2,000 kwa pampu ya joto, halikuwa na neno hata moja kuhusu mshahara. Mwaka uliotangulia, mpango wa shirikisho wa kuziba nyumba za wenye kipato kidogo ulipewa dola bilioni 3.5, na sharti la ujira likawekwa kwa majengo yenye nyumba tano au zaidi. Maine ni jimbo la nyumba za familia moja, mbili na tatu. Sisi tumejaa huko ambako sharti halifiki.

3. Saa za barabarani.

Tunatakiwa kufika karakana alfajiri. Tunapakia marobota ya selulosi, tunakagua mashine, tunapokea maelekezo ya siku, kisha tunaendeshwa. Rumford ni kama saa moja kutoka Lewiston. Houlton ni safari ya kula njiani. Kanuni ya shirikisho iko wazi: mfanyakazi akitakiwa kuripoti mahali fulani kupakia vifaa au kupokea maagizo, siku ya kazi imeshaanza, na safari kutoka hapo hadi kwenye nyumba ni kazi. Hata hivyo, kwenye karatasi zetu nyingi za mshahara saa huanza kuhesabiwa bomba linapowashwa na huisha bomba linapozimwa. Wengine hawana hata karatasi ya mshahara. Mwisho wa mwaka wanapewa fomu ya 1099, kana kwamba kijana asiye na gari wala ngazi yake ni mkandarasi anayejitegemea.

Sheria yenu kuhusu mshahara usiolipwa ni kali kweli: mwajiri hudaiwa mshahara wenyewe, riba, na juu yake nyongeza ya mara mbili ya kiasi alichozuia. Tunaisifu. Ila sheria hiyo inasubiri mfanyakazi alalamike, na nimeshawaeleza kilichompata aliyelalamika.

4. Tunachovuta hewani.

Nyumba za Maine ni miongoni mwa nyumba kongwe zaidi nchini, na ukongwe wake unakaa darini. Rangi za kabla ya 1978 huwa na madini ya risasi. Nyaya za zamani zilizoshikiliwa kwa vigingi vya kauri hazitakiwi kufukiwa na insulesheni, kwa kuwa zinaweza kushika moto. Na kuna vermikuliti, insulesheni ya zamani, vile vipande vyepesi vinavyometa kama kokoto za dhahabu, ambavyo kwa miongo mingi vililetwa kutoka mgodi wa Libby, Montana, hadi ulipofungwa 1990. Mgodi huo ulikuwa na asbestosi, nyuzi za madini zinazoharibu mapafu. Kanuni ya wataalamu ni fupi: ukiikuta, usiiguse, funga dari, ondoka, mwite mwenye leseni.

Sasa fikirieni timu inayolipwa kwa nyumba badala ya saa. Wamesafiri saa moja na nusu bila malipo. Mmoja anainua ubao darini, tochi inamulika zile kokoto. Akisema, timu nzima inarudi Lewiston mikono mitupu. Akinyamaza, wanalipwa, na mapafu yanaanza hesabu yake ya miaka 20 au 30. Hakuna semina ya usalama itakayoushinda mshahara wa namna hiyo. Ndiyo maana hatukubali ujira na usalama vijadiliwe kwenye vyumba tofauti.

Joto nalo. Agosti, chini ya paa jeusi, ukiwa na barakoa na suti ya plastiki, unatafuta kina cha karibu nusu mita ya selulosi ambacho dari ya kaskazini inahitaji. OSHA, shirika la shirikisho la usalama kazini, lilichapisha pendekezo la kanuni ya joto kazini mwaka 2024, na bado ni pendekezo. Mtasema usalama wa sekta binafsi hapa uko mikononi mwa OSHA ya shirikisho, si jimbo. Ni kweli. Lakini orodha ya wakandarasi waliosajiliwa ni yenu.

5. Ngazi isiyo na vipandio.

Kila mkutano wa waajiri unalia kwamba watu hawapatikani, na tunaamini: Maine ndilo jimbo lenye wastani wa umri mkubwa kuliko yote, na kwa miaka mingi sasa wanaokufa ni wengi kuliko wanaozaliwa. Watu wapo. Mwaka 2019 mamia yao, waomba hifadhi, wengi kutoka Kongo na Angola, walilala kwenye vitanda vya kukunja ndani ya ukumbi wa Expo, Portland, na 2023 ukumbi ukafunguliwa tena. Miongoni mwao walikuwamo mafundi umeme, mafundi wa majokofu, waashi. Sheria ya shirikisho iliwazuia kufanya kazi hadi ombi la hifadhi lifikishe siku 180, na mwaka 2025 kibali cha kwanza cha kazi kilianza kutozwa dola 550. Wanasiasa wa jimbo hili wamejaribu Washington kufupisha subira hiyo, tunawashukuru.

Kibali kikija, ndipo ngazi yenu inapoanza. Kugusa gesi ya pampu ya joto kunahitaji cheti cha shirikisho cha kifungu cha 608. Leseni ya fundi umeme inahitaji saa 8,000 za kazi zilizothibitishwa kwa maandishi. Mtu aliyefunga transfoma Bukavu kwa miaka kumi ataipata wapi barua ya mwajiri wake, na mji wenyewe uko vitani? Anaanza sifuri, darini, pamoja na mimi. Sisemi leseni zilegezwe. Umeme hauna msamaha. Nasema mtu apimwe kwa mikono yake mbele ya fundi mwenye leseni, saa zake zihesabiwe kwa anachoweza kufanya, na masomo ya jioni yawe na mwalimu anayeweza kueleza kwa Kiswahili, Kilingala au Kifaransa wakati Kiingereza chake kikikua.

6. Likizo ya kuugua. Sheria ya likizo yenye malipo iliyoanza 2021 inawahusu waajiri wenye wafanyakazi zaidi ya kumi. Timu za insulesheni huwa na sita, wanane. Mnaelewa kilichobaki.

Waheshimiwa, majibu yenu tumeshayasikia kwenye korido, kwa hiyo tuyazungumze.

Mtasema soko ndilo linalopanga mshahara. Soko lipi, ambalo serikali inalipia hadi asilimia 80?

Mtasema ujira ukipanda, nyumba chache zitazibwa kwa fedha ileile. Hoja hii ina uzito na hatutaki kuipuuza. Mwaka 2009 mpango wa shirikisho wa kuziba nyumba ulipopewa dola bilioni 5, sharti la Davis-Bacon, sheria ya shirikisho ya ujira uliotangazwa, liliwekwa juu yake kwa mara ya kwanza, na ni kweli mwanzo ulichelewa, kwa sababu viwango vya kazi hii havikuwahi kukokotolewa. Vikakokotolewa. Lengo la nyumba 600,000 likafikiwa kabla ya wakati wake. Pia wekeni kwenye hesabu gharama mnazolipa sasa bila kuziona: kijana anafundishwa msimu mmoja, anaondoka kwenda ghalani, anakuja mwingine asiyejua tofauti ya selulosi iliyopulizwa vizuri na iliyomwagwa. Mashine ya kupima uvujaji mlangoni inaijua tofauti hiyo, na kazi inarudiwa.

Mtasema fedha za Washington zimekauka. Ni kweli, punguzo la kodi la nyumba lilikoma mwisho wa 2025 kwa sheria iliyosainiwa Julai mwaka huo. Ndiyo sababu ya kuwaandikia ninyi. Ruzuku iliyobaki ni ya Maine, na masharti yake yanaandikwa Maine.

Mtasema sisi hatuna ujuzi wala lugha. Mbona kazi mnaikagua na kuilipia?

Tunachoomba ni hiki. Trust iweke sharti kwa kila mkandarasi aliyesajiliwa: kiwango cha chini cha ujira kwa kila kazi yenye ruzuku, kikokotolewe na Idara ya Kazi, na kianze na nyumba za wenye kipato cha chini ambako fedha ya umma ni nyingi zaidi. Kila ombi la ruzuku liambatane na saa zilizofanywa na kiasi kilicholipwa, safari ikiwemo. Timu ikisimamisha kazi kwa sababu ya vermikuliti au nyaya za zamani, ilipwe siku hiyo, kutoka kwenye mfuko uleule wa ruzuku. Anayemfukuza au kumnyima zamu mlalamikaji aondolewe kwenye orodha. Idara ya Kazi itume wakaguzi bila kusubiri malalamiko, wafike karakana alfajiri, maana huko ndiko saa zinakopotelea. Bunge lifute ule mpaka wa wafanyakazi kumi kwa kampuni yoyote inayopokea fedha ya ruzuku, na litenge fedha za kuwapima mafundi waliotoka nje ili saa zao zitambuliwe. Na mtakapotangaza tena idadi ya ajira za nishati safi, safu ya pili ya jedwali ionyeshe mshahara wa kati wa kila fani, na ya tatu ionyeshe wangapi bado wako kazini baada ya mwaka.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya kikao kijacho cha Bunge. Likikosekana, tutaipeleka barua hii, ikiwa imetafsiriwa, kwa kila mwenye nyumba tunayeingia kwake, tumwambie aulize mkandarasi wake analipa nini kabla ya kutia saini. Tuko tayari kuja Augusta kutoa ushahidi mbele ya kamati yoyote. Tunaomba tu iwe Jumamosi, kwa kuwa siku ya kazi tukikosa vani, hatulipwi.

Wenu katika kazi,

Mfanyakazi wa insulesheni, Lewiston
kwa niaba ya wenzake

Nakala:
Kamati ya Kazi ya Bunge la Jimbo
Wakandarasi wote waliosajiliwa
Jumuiya za Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali, Lewiston na Portland